Usipomsimulia mtoto, atajisimulia mwenyewe

MWALIMU wa darasa la kwanza aliwaambia watoto wasimame mmoja mmoja, kila mtu ataje tarehe yake ya kuzaliwa. Ilipofika zamu ya mvulana mmoja wa miaka saba, katika shule ya msingi jijini Tanga, alisimama akanyamaza. Wenzake wakacheka. Mwalimu akamwambia akaulize nyumbani, kesho alete jibu.

Jioni alimkuta baba yake kwenye kibaraza chake cha ushonaji, Ngamiani, akimalizia sare za wanafunzi.

"Baba, kwa nini mimi sina siku ya kuzaliwa?"

Cherehani ikasimama. Baba akainama kuangalia sindano kama vile uzi umekatika, ingawa haukuwa umekatika.

"Unayo, mwanangu. Tutaongea," akasema, kisha akaendelea kushona. Binti yake wa miaka 12, aliyekuwa akikunja sare pembeni, aliinuka akaondoka bila kusema neno.

Asubuhi baba alimwandikia mtoto tarehe kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara mbili. Hakuongeza maelezo.

Ukweli ni kwamba tarehe hiyo inajulikana vizuri sana katika nyumba ile. Ndiyo siku aliyofariki mama wa watoto hao. Alijifungua salama usiku, kisha akavuja damu nyingi, na haikuwezekana kuokoa maisha yake. Kwa miaka saba, kila tarehe hiyo inapofika, baba hafungui kibaraza. Huenda makaburini peke yake, hurudi jioni na mikate, watu wakala kimya wakalala. Hakuna mtoto aliyewahi kukatazwa kuuliza. Lakini watoto hujua mapema ni jambo gani haliulizwi.

Baba huyo si mtu mgumu. Alidhani anawakinga wanawe. Ndugu walipomgusia jambo hilo aliwajibu, "Wakikua watajua." Ni jibu la wazazi wengi. Analo baba aliyewahi kufilisika, analo mama aliyeachwa na mumewe, analo babu aliyehama kijiji kwa ugomvi wa shamba. Kila mmoja anasubiri watoto wakue. Watoto nao hawasubiri. Wanakua huku wakijaza nafasi iliyo wazi kwa wanachokiokota.

Bibi na gunia la machungwa

Bibi mzaa mama anaishi Muheza. Wiki ile ile alikuja na gunia la machungwa, kama afanyavyo kila msimu. Hakukaa hata siku moja kabla mjukuu wake hajamuuliza lile swali alilomuuliza baba yake. Bibi hakumjibu palepale. Alisubiri usiku, baada ya chakula, wote wamekaa ukumbini na ungo wa maharage ya kuchambua.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "hawa watoto wana mama. Mbona unawalea kama waliookotwa?"

"Mama, naogopa kuwaumiza."

"Wameshaumia. Sasa wanaumia bila kujua wanaumizwa na nini."

Kisha akaanza kusimulia. Hakuanzia kwenye kifo. Alianzia kwenye michungwa ya Muheza, ambako mama yao, akiwa msichana wa miaka kumi, alikatazwa kupanda mti na akapanda. Alianguka, akaumia mkono, akauficha ndani ya kanga siku mbili nzima ili asichapwe, mpaka uvimbe ukamuumbua. Mvulana akacheka kwa sauti. Mama aliyemjua yeye ni yule wa picha ya ukutani, aliyevaa nguo za harusi na asiyecheka. Hakujua kuwa mama yake aliwahi kuwa mtundu.

Bibi akaendelea. Akafika siku ambayo binti yake alipeleka kitambaa kwa fundi kijana wa Ngamiani ashonewe gauni, na gauni likatoka fupi. Binti akagoma kulipa. Fundi akanunua kitambaa kingine kwa fedha yake, akashona upya, akalipeleka mwenyewe mpaka Muheza.

"Haikuwa hivyo, mama," baba akadakia, macho yakiwa kwenye ungo. "Mimi sikukosea. Yeye ndiye aliyenipa vipimo vya uongo."

Watoto wakamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza wanamsikia akimzungumzia mama yao kama mtu waliyewahi kubishana naye.

"Halafu?" mvulana akauliza. "Halafu ikawaje?"

Bibi akanyamaza, akamwangalia mkwewe. Sehemu iliyofuata haikuwa yake.

Baba akasimulia polepole. Siku ile alikuwa Korogwe, amepeleka sare za oda. Simu yake ilizima chaji tangu mchana. Alipoiwasha usiku, tayari yuko njiani kurudi, alikuta ujumbe umejaa. Alifika hospitali alfajiri. "Ningekuwepo…" akasema, na hakuimaliza sentensi hiyo. Kwa miaka saba alikuwa akiianza moyoni na kuishia palepale.

Ndipo binti akaanza kulia.

"Si wewe, baba. Ni mimi."

Neno lililosikika msibani

Alikuwa na miaka mitano. Mama yake aliposhikwa na uchungu alimtuma kwa jirani, nyumba ya nne, akamwambia akimbie. Njiani alikuta watoto wakicheza rede. Akasimama. Akapewa mpira arushe. Baadaye akakumbuka alikotumwa, akakimbia. Katika kumbukumbu yake mchezo ule ulichukua mchana kutwa.

Siku ya msiba, akiwa amelala miguuni kwa shangazi na watu wakidhani amesinzia, alimsikia mwanamke mmoja akisema, "Laiti wangewahi." Hakujua mwanamke yule alikuwa anazungumzia nini. Alijua tu kwamba kuna mtu aliyechelewa, na aliyechelewa ni yeye. Hakumwambia mtu yeyote. Kila tarehe ile ilipofika na kumwona baba akitoka peke yake kwenda makaburini, aliamini baba anajua, na kwamba hamtaki aende naye.

Bibi akauweka ungo chini.

"Njoo hapa. Jirani yule alinieleza mwenyewe, tena kwa kukusifu. Alisema ulifika unahema, miguu mitupu, vumbi mpaka magotini. Mama yako alifika hospitali kabla ya magharibi. Ndugu yako alizaliwa saa tatu usiku. Damu ilianza baada ya hapo, akiwa mikononi mwa waganga. Hakuna mtu aliyechelewa."

Akamgeukia mkwewe. "Na wewe. Ungekuwepo, damu ile ungeizuia kwa sindano ya cherehani?"

Kisha akamvuta mvulana karibu. "Wewe alikushika. Nilikuwepo. Alikutazama, akasema, huyu ni babu yake mtupu, mpeni jina la babu yake. Jina unaloitwa shuleni alikupa mama yako mwenyewe."

Mvulana alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa amechoka. Lakini alicheka."

Tukio moja, hadithi tatu

Ukitazama vizuri, nyumba ile ilikuwa na hadithi tatu za usiku mmoja. Baba alijisimulia hadithi ya mume ambaye hakuwepo alipohitajika. Binti alijisimulia hadithi ya mtoto aliyemchelewesha mama yake. Mvulana hakuwa na hadithi kabisa, isipokuwa kwamba kuzaliwa kwake ni jambo ambalo watu hawalifurahii. Kila mmoja aliificha ya kwake ili asiwaumize wengine, na kwa kuificha hakupata mtu wa kumsahihisha.

Usiku ule hakuna kilichobadilika katika mambo yaliyotokea. Mama hakurudi. Kilichobadilika ni mahali alipokuwa amesimama kila mmoja ndani ya hadithi. Binti alihama kutoka kwa mtoto aliyesababisha msiba akawa mtoto aliyekimbia kutafuta msaada. Mvulana alihama kutoka kwa mtoto wa siku mbaya akawa mtoto aliyepewa jina na mama yake. Baba naye aligundua kwamba binti yake alikuwa akibeba mzigo wa aina ileile aliokuwa akiubeba yeye.

Huko ndiko kupata maana kwa njia ya kusimulia. Msiba unabaki kuwa msiba, wala si lazima mtu aseme ulikuwa na heri ndani yake. Anachofanya msimulizi ni kupanga: nini kilitangulia, nini kikafuata, nani alikuwa wapi, nani alimshika nani mkono baadaye. Jambo lililopangwa linaweza kubebwa. Lililotawanyika humkwaza mtu kila anapopita.

Wataalamu wamegundua nini

Wanasaikolojia Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliandaa orodha ya maswali 20 ya kuwauliza watoto kuhusu familia zao. Je, unajua wazazi wako walikutana wapi? Unajua babu na bibi zako walikulia wapi? Unajua habari ya kuzaliwa kwako? Unajua ugonjwa au jambo baya sana lililowahi kuipata familia yenu? Walikuta kwamba watoto waliojua mengi kuhusu familia zao walielekea kujiamini zaidi na kuona kuwa maisha yao yanaweza kuongozwa, hayawapeleki tu kama upepo.

Duke mwenyewe alionya kwamba dawa haimo katika kukariri majibu. Mtoto hawezi kufundishwa orodha hiyo kama jedwali la kuzidisha akapona hofu zake. Majibu hayo ni dalili kwamba katika nyumba hiyo watu hukaa pamoja wakazungumza, mwaka baada ya mwaka.

Aligusia pia namna tatu ambazo familia hujisimulia. Ipo familia inayosema, "Tulikuwa hatuna kitu, sasa tunacho." Ipo inayosema, "Tulikuwa nacho, tukapoteza vyote." Na ipo inayosema, "Tumepanda na tumeshuka. Babu alipata shamba, likaungua. Mjomba alisoma, shangazi alifukuzwa kazi, na katika yote tulishikamana." Kwa mtoto, hii ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu siku yake ya kushuka itakapofika, atajua kwamba wapo waliowahi kushuka kabla yake na hawakuachwa.

Kusimulia kunamsaidia pia msimulizi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu mambo yaliyowaumiza sana, pamoja na hisia zao, walijisikia vibaya zaidi mara tu walipomaliza. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Mzazi akiona machozi baada ya kusimulia, asikimbilie kudhani ameharibu.

Jambo hili si geni kwetu

Katika miaka ya 1990, Ukimwi ulipokuwa ukiua wazazi wengi na dawa za kufubaza virusi hazijawafikia watu wa kawaida, akina mama nchini Uganda waliokuwa wakiishi na virusi walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Shirika la wanawake hao, NACWOLA, ndilo lililoeneza kazi hiyo. Mama aliandika mtoto alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, baba yake alikuwa mtu wa namna gani, alianza kutembea lini, anapenda chakula gani. Alibandika picha kama anayo.

Kuandika huko kuliwalazimisha wengi kuzungumza na watoto wao kuhusu ugonjwa walioujua watoto bila kuambiwa. Kitabu kilichoanza kama maandalizi ya kifo kikawa sababu ya mama na mtoto kukaa pamoja mama angali hai.

Na Tanga yenyewe ina mfano wake. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alifiwa na mkewe Amina akaachiwa watoto. Aliandika shairi lenye jina la mkewe. Alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Kisha akaandika habari za maisha yake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Alikuwa baba mjane aliyeona kwamba watoto wake wanahitaji maneno yake pamoja na chakula na ada.

Mzazi aanzie wapi

Si kila mzazi ni malenga, wala haihitajiki. Bibi wa Muheza hakusoma saikolojia, lakini alifanya mambo kadhaa yanayofaa kuigwa.

Alisubiri mikono iwe na kazi. Watu wanaochambua maharage au kumenya viazi hawalazimiki kutazamana usoni, na maneno mazito hupita kwa urahisi zaidi.

Alianza na jambo dogo la kuchekesha. Mtoto anayefiwa hupoteza pia vituko vya marehemu, namna alivyobishana, alivyoimba vibaya, alivyokosea. Ukimrudishia hivyo kwanza, atapata nguvu ya kusikia yaliyobaki.

Alikubali kusahihishwa. Baba alipopinga habari ya gauni, bibi hakukasirika. Hadithi ya familia ni ya wote, na kila anayeisahihisha anaingia ndani yake.

Liko pia swali ambalo baba wa Ngamiani hakuwahi kuliuliza, na ambalo lingemwondolea binti yake mzigo mapema: "Wewe unakumbuka nini?" Mtoto mwenye miaka mitano wakati wa tukio anakumbuka kitu. Huenda anakumbuka vibaya. Usipouliza, hutajua.

Ipo mipaka. Mtoto wa miaka saba haelezwi yote anayoelezwa wa miaka 15. Aelezwe kweli, kwa kipimo chake. Kumwambia kwamba marehemu "amesafiri" kunamfanya asubiri mlangoni. Hadithi isigeuzwe kuwa fimbo, ile ya "sisi tulitembea kwa miguu mpaka shule, ninyi mnadeka." Na waliotengana wasiitumie kumchafua mwenzao, kwa sababu mtoto akiambiwa baba yake ni mtu mbaya huhesabu kwamba nusu yake ni mbaya. Palipo na jeraha la ukatili, au mtoto asiyelala na asiyekula, ni vyema kumwona mshauri nasaha au ofisa ustawi wa jamii kabla ya kulifungua jambo hilo mezani.

Tarehe ilipofika

Tarehe ilipofika mwaka huo, kibaraza cha Ngamiani kilifungwa kama kawaida. Ila safari hii walitoka watatu. Mvulana alivaa shati jipya ambalo baba yake alilishona usiku, kutokana na kitenge cha mama kilichokuwa kimekaa sandukuni miaka saba. Waliomba dua kaburini. Binti aling'oa majani yaliyoota pembeni, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na baba hakumharakisha.

Jioni kulikuwa na wali wa nazi, samaki, na machungwa yaliyotumwa kutoka Muheza. Walipomaliza kula, mvulana aliomba asimuliwe tena habari ya gauni. Bibi hakuwepo, hivyo dada yake ndiye aliyesimulia, kuanzia michungwani na mkono uliofichwa ndani ya kanga, mpaka kwa fundi kijana aliyekata kitambaa kikatoka kifupi.

"Vipimo!" baba akaita kutoka ndani. "Waambie alinipa vipimo vya uongo!"